Wajerumani Wanne wa Mjomba

Ilianza Jumamosi, tarehe kumi na tano Agosti 1998, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Saa naijua vizuri kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho ile ya ukutani, nikiiomba ikimbie ifike saa kumi, muda wa kutawanyika, kabla zamu haijanifikia.

Kila Jumamosi vijana wa kanisa letu hukutana katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la samani, katikati ya mji wa Durban. Tunaimba, tunaomba, halafu tunakaa duara na kila mmoja anatoa ushuhuda. Ushuhuda lazima uwe na kabla na baada. Nilikuwa mgonjwa, nikapona. Nilinyimwa karatasi ya ukimbizi, nikarudi foleni, nikapewa. Mimi sikuwa na kabla wala baada. Nilikuwa na miaka kumi na sita, naenda shule, narudi, namsaidia mama kusuka nywele za watu, nalala. Wiki tatu mfululizo zamu iliponifikia nilisema "napita", kama mtu anayecheza karata.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Bujumbura aliyeuza mikanda ya suruali kule sokoni Warwick. Mdomo wake haukuwa na likizo.

"Leo bubu wetu atasema," alisema. "Au dada, umeokoka kwa siri?"

Wakacheka.

"Mwache, yeye na Mungu wanaandikiana barua," akasema msichana mmoja wa kwaya.

Wakacheka zaidi. Masikio yangu yaliwaka moto. Nikasimama, kitu ambacho hakikuwa lazima, maana wengine walishuhudia wakiwa wamekaa. Nikafungua mdomo bila kujua kitakachotoka. Wakatoka Wajerumani wa mjomba.

Hapa lazima nimweleze mjomba. Ni kaka yake mama, na tulikaa naye chumba kimoja, tukigawana kwa pazia. Zamani alikuwa fundi umeme kwenye mgodi kule Katanga. Alifanya kazi chini ya fundi mkuu Mjerumani, na yule Mjerumani alipofunga virago kurudi kwao alimwachia santuri sita za bendi moja ya nchi yake. Wakati wa kukimbia, wengine walibeba sufuria. Mjomba alibeba santuri sita katikati ya mashuka mawili, akapita nazo Zambia, akapita nazo Zimbabwe, mpaka Durban, na hakuwa na chombo cha kuzipigia. Mwaka mzima alizitoa jioni akazitazama tu, kama picha za ndugu. Baadaye akapata kazi ya kulinda magari ya wateja nje ya maduka ya Westville, na mama mmoja wa kizungu aliyekuwa anasafisha gereji yake akampa gramafoni na spika mbili. Mjomba aliitengeneza mwenyewe. Siku iliyoimba kwa mara ya kwanza alitoka nje ya chumba akasimama kwenye korido, akiwa ametugeuzia mgongo.

Mimi ndiye niliyesimuliwa habari zao. Mama hakuwa na muda. Walikuwa wanne: wa kinanda, wa gitaa, wa besi na wa ngoma. Mjomba hakuwaita kwa majina, alisema majina yao yanamvunja meno. Mwanzoni walikaa pamoja katika kinu cha zamani, jengo la kusagia unga lililoachwa, wakilala katikati ya nyaya, wakila viazi. Santuri ya kwanza ina wimbo mmoja tu upande mzima, na hakuna anayeimba mpaka wimbo umeshafika katikati. Juu ya jalada lake kuna kuku mwenye jicho la mtu. Vijana wa kwao walifuga nywele wakaja kuwasikiliza, wakilipa kiingilio kisha wakilala chali sakafuni. Hapo mjomba alicheka kila mara. "Unalipa, halafu unalala! Mzungu iko na mambo." Santuri ya pili na ya tatu zikawapeleka mpaka nchi za jirani. Kwenye ya nne wenye kampuni wakawaambia wakate nyimbo ziwe fupi ili redio izipige, na wa gitaa akakasirika akatoka, kisha akarudi. Kwenye ya tano wimbo wa mwisho hauna ngoma kabisa. Hapo mjomba alipita haraka. Kwenye ya sita wamevaa suti nyeupe na hakuna anayemtazama mwenzake. Nyimbo za kucheza disko. Baada ya hapo, kimya. Yule fundi aliondoka mgodini mwaka huohuo, na mjomba hakupata tena mtu wa kumuuliza. Aliwahi kuandika barua kwa redio ya Ujerumani inayotangaza kwa Kiswahili, awaulize wale watu wako wapi. Hawakujibu.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya vijana ishirini na kitu, na hiyo ndiyo hadithi pekee niliyoijua yenye kabla. Nikaanza.

Nilisema mjomba wangu ana habari za Wajerumani wanne waliokuwa wamepotea. Walikaa kwenye kinu, walivuta vitu, waliwapigia watu muziki mpaka watu wakaanguka chini. Hayo yote yalikuwa kweli, au karibu na kweli. Chumba kikanyamaza. Sijawahi kunyamaziwa hivyo maishani. Kiongozi wetu alikuwa ameacha kutafuna bablishi. Nikasikia sauti yangu, haitetemeki, inaendelea yenyewe. Kwamba walitafuta pesa, wakavaa suti nyeupe, wakachukiana. Kwamba siku moja wa kinanda alikaa peke yake kinuni, akaweka vidole vyake, na vidole vikakataa kupiga kitu kingine chochote isipokuwa wimbo wa Mungu. Akawaita wenzake. Wakapiga magoti palepale kwenye unga wa zamani.

Unga wa zamani! Nilitoa wapi? Mpaka leo nauona.

"Bwana asifiwe!" kiongozi akapaza sauti.

"Amina!"

"Na wote wakaokoka?" akauliza yule msichana wa kwaya, akijifuta macho.

Nikaona nimekwenda mbali sana, nikataka kupunguza kidogo, kama mtu anayerudisha sukari kwenye kopo.

"Watatu," nikasema. "Wa ngoma bado."

Ningelijua. Kiongozi aliruka juu. "Ndugu zangu, mmesikia? Iko nafsi moja bado!" Wakasimama wote, mikono juu, wakamuombea mpiga ngoma wa Ujerumani kwa Kiswahili, Kifaransa, Kirundi na Kilingala. "Toka gizani, mpiga ngoma! Toka!" Walipiga miguu sakafuni mpaka vumbi likapanda. Nami nikainua mikono. Ningefanya nini? Nikaomba kwa sauti kuliko siku zote.

Lazima niseme pia kwamba wiki zile watu walikuwa na njaa ya habari njema. Vita ilikuwa imerudi kwetu Kongo mwanzoni mwa mwezi ule. Kwenye maduka ya simu foleni ilifika barabarani, na watu walitoka vibandani bila kusema kitu kwa sababu upande wa pili hakuna aliyepokea. Mchungaji wetu mwenyewe hakuwa na habari za mdogo wake aliyekuwa Bukavu. Alikuwa ofisini kwake nyuma ya ukumbi, akasikia kelele, akaja kusimama mlangoni. Akaulizia. Wakamsimulia, na kila aliyesimulia aliongeza lake. Akanitazama kwa macho mekundu.

"Mwanangu, hizo santuri zipo?"

"Zipo, baba."

"Hapa Durban?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba wako yule asiyekuja kanisani?" Akatikisa kichwa polepole. "Mungu ana njia zake. Kesho tutazisikia. Watu hawa wanahitaji kusikia kitu."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilisema, "Ndiyo, baba."

Nilirudi nyumbani nikizunguka. Badala ya kukata moja kwa moja nilipita barabara za juu, nikatazama viatu madirishani. Nilijiambia mchungaji atasahau. Nilijiambia mjomba atakataa, kwa sababu tangu afike mjini hakukanyaga kanisa. Mama alikuwa ameshalia juu ya jambo hilo, na jibu la mjomba lilikuwa kwamba yeye anasali kwenye maegesho, na kule Mungu anamwona vizuri zaidi kwa sababu hakuna paa.

Nilipofika, habari ilikuwa imenitangulia. Mke wa mchungaji alikuwa amepita kwenye saluni anakosukia mama. Hakumwambia hadithi yote, alimwambia tu: mwambie kaka yako aje kesho na muziki wa Wajerumani wake, mchungaji anataka watu wausikie. Mama alikuwa anapiga pasi shati la mjomba, lile la bluu.

"Wewe umefanya nini huko?" aliniuliza, na uso wake ulikuwa unang'aa. "Miaka miwili namuomba huyu mtu. Wewe siku moja tu."

Mjomba alikuwa amekaa kitandani, santuri zote sita zimetandazwa mbele yake. Alikuwa bado na ile jaketi ya kazini yenye mistari inayong'aa. Aliniita "Mama", kama anavyoniita siku zote kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

"Mama, kuja hapa. Mchungaji anataka kusikia diski zangu? Zangu hizi?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hizi za kuku?"

"Ndiyo."

"Eish," akasema. Neno hilo alilipata maegeshoni. "Uliwaambia nini mpaka wakapenda?"

Mama alikuwa amesimama na pasi mkononi, anasubiri jibu pia.

"Niliwaambia wanavyopiga," nikasema.

Akaamini. Mjomba si mjinga, ila alitaka sana kuamini. Ni miaka mingapi mtu anabeba kitu ambacho hakuna anayekiulizia? Majirani waligonga ukuta alipokipiga. Wakongomani wenzake walimwambia anasikiliza muziki wa mashine ya kusaga. Sasa ukumbi mzima. Akaanza kuchagua. Ya kwanza ni ndefu, wazee watachoka. Ya sita hapana, ni aibu. Akaiinua ya tano, akaigeuza geuza.

"Nitapiga huu wa mwisho," akasema. "Huu wa kanisani kabisa. Kinanda peke yake, halafu gitaa linaingia polepole, linaogopa. Unajua mbona hauna ngoma?"

"Hapana, mjomba."

"Sikukuambia kwa sababu ulikuwa mdogo. Wa ngoma alikufa. Walikuwa wanarudi kutoka kupiga mji mwingine, gari likateleza kwenye barafu. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Wakaingia kurekodi bila yeye, wakaacha nafasi yake tupu. Ukisikiliza vizuri unasikia wanamngoja." Akafuta jalada kwa mkono wa jaketi. "Kesho nitawaambia hivyo. Hawa watu wote wamepoteza mtu. Watanielewa, si ndiyo?"

Nilisema ndiyo. Nikaenda nyuma ya pazia, nikalala na nguo, na mama aliponiita kula nikasema tumbo linauma. Kwetu hatuombei wafu. Tumefundishwa hivyo tangu Sunday school: mtu akishafunga macho, habari yake iko kwa Mungu. Na mimi nilikuwa nimewasimamisha vijana ishirini na kitu wampigie kelele marehemu atoke gizani. Nilimwona kijana wa miaka ishirini na sita akiwa chini ya barafu, akisikia sauti zetu, asijue lugha gani. Upande wa pili wa pazia mjomba alikuwa anajifunza maneno ya kesho kwa sauti ya chini. "Ndugu zangu... Hapana. Wapendwa... Hapana. Ndugu zangu."

Asubuhi mama alitangulia, kwa sababu yeye ni wa protokole, anawapokea watu mlangoni. Mjomba alinyoa. Alivaa shati la bluu na tai aliyoazima kwa jirani yuleyule anayegonga ukuta. Akabeba gramafoni kifuani kama mtoto, santuri ikiwa juu yake ndani ya mfuko wa mchele. Mimi nikabeba spika mbili kwenye kapu la Shangani, lile la plastiki lenye mirabamiraba, nyaya zikining'inia.

Jumapili asubuhi mji unakuwa kama umehama. Taxi chache, wauzaji wachache. Mjomba alitembea haraka, akiongea. Aliuliza umeme wa ukumbini una soketi ngapi. Aliuliza kama watu watakaa au watasimama. Alisema akimaliza wimbo hatasema kitu, atashuka tu, kwa sababu ukiongea baada ya wimbo ule unauharibu. Tukafika kwenye robot ya mwisho, yaani taa za barabarani, ukumbi ukionekana ng'ambo, watu wa kwetu wakipanda ngazi na vitambaa vyao vya Jumapili. Taa ilikuwa nyekundu. Hakukuwa na gari hata moja, lakini mjomba husubiri taa siku zote, anaogopa polisi.

"Mjomba," nikasema. "Niliwaambia wameokoka."

"Nani?"

"Wajerumani."

Akanitazama. Taa ikawa kijani. Hatukuvuka.

"Wameokoka namna gani?"

"Niliwaambia wamekuwa watu wa Mungu. Kwamba huo muziki ni wa Mungu. Ilikuwa zamu yangu ya ushuhuda na sikuwa na kitu."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa wa ngoma."

"Na yeye?"

Nikatazama chini. "Tulimuombea aokoke. Sikujua, mjomba. Walipiga kelele sana. Na mimi."

Mjomba aliweka gramafoni juu ya ukingo wa barabara, polepole, akaketi kando yake na tai yake. Nilifikiri atanipiga. Nilitamani anipige. Taa ikawa nyekundu tena.

"Kwa hiyo hawakutaka kusikia," alisema mwishowe. "Walitaka kusikia kitu kingine."

"Mchungaji alisema—"

"Basi, Mama."

"Mjomba, nisamehe."

"Nimesema basi."

Akasimama, akapangusa suruali, akabeba gramafoni yake, akageuka. Hakukasirika kwa kelele. Alirudi njia tuliyojia, mgongo umenyooka, mfuko wa mchele ukitikisika juu. Nikabaki na spika.

Ningeweza kumfuata. Nilitaka sana kumfuata, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ngazi zile. Lakini kama nisingepanda, mchungaji angesema mjomba ameahidi na hakuja, na hilo lingemkaa mjomba mwilini miaka yote, katika watu wale ambao sote tunawahitaji. Nikavuka. Nikapanda na kapu langu likigonga kila kidato.

Mama alikuwa mlangoni na utepe wake wa protokole. "Yuko wapi?" aliuliza, na akatazama nyuma yangu. Niliona kiti kimoja mbele kabisa, kimewekwa kitambaa cheupe. Nikaenda mpaka kwa mchungaji, aliyekuwa anapanga Biblia yake, nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya chini.

"Baba, sio kweli. Hawakuokoka. Nilitunga mimi. Mjomba hakujua kitu."

Sauti haikuwa ya chini. Safu mbili za mbele zilisikia. Yule kiongozi wetu wa vijana aliyekuwa anafunga maikrofoni akasema, "Hata wa kinanda?" na hakuna aliyecheka.

Mchungaji alinitazama. Nadhani hakuwa ananiona mimi. "Jana usiku nilimsimulia mke wangu," akasema. "Tulilala vizuri." Kisha akafungua Biblia yake. "Nenda ukakae, mwanangu."

Sikukaa. Nilimpita mama mlangoni. Alinishika mkono, akauachia. Alikuwa amesikia, au alikuwa ameelewa kutoka usoni mwangu, na kilichokuwa kinang'aa tangu jana kilikuwa kimezimika. Hilo nalo ni langu.

Nilikimbia, na spika zikaniumiza mguu. Nyumbani mjomba alikuwa ameiweka gramafoni mahali pake, santuri ya tano imeshapandishwa, sahani inazunguka, sindano inapita juu yake. Hakukuwa na sauti, isipokuwa ule mkwaruzo mdogo sana wa sindano yenyewe, kama mdudu ndani ya kibiriti. Mjomba aliketi karibu na gramafoni, tai bado shingoni, amesogeza sikio. Hakunitazama.

Nikapiga magoti nyuma ya gramafoni. Nikaziunganisha nyaya, kwanza ya kushoto, halafu ya kulia.